Nenda na Kaskazi, Rudi na Basi

 

Ikifika Novemba, baridi ikianza kuwauma ndugu zetu walioko Leeds, Stockholm na Toronto, simu za huku huanza kupokea maombi ya namna moja. Wanakuja Desemba na watoto, tiketi zimeshakatwa, na mara hii hawataki kukaa hotelini kutazama bwawa la kuogelea. Wanataka bahari yenyewe. Wapande chombo cha tanga, ukoo mzima, bibi na wajukuu, wapite visiwani wiki moja hivi, walale mchangani, wale samaki aliyevuliwa asubuhi ile ile. Kisha kazi ya kupanga anaachiwa shangazi au mjomba aliyebaki Dar es Salaam, ambaye pengine mara ya mwisho kupanda jahazi alikuwa darasa la nne. Leo nazungumza na huyo shangazi na huyo mjomba.

Ratiba za safari hizi ninazoonyeshwa hufanana. Siku tatu kwenda, siku moja ya kupumzika, siku tatu kurudi kwa njia ile ile. Hiyo ni ratiba ya gari. Kibaha kwenda Chalinze na Chalinze kurudi Kibaha ni mafuta yale yale. Chombo cha tanga kina upande kinaoupenda, na kuanzia Desemba hadi Machi, katika pwani yetu hii, upande huo ni kusini. Kwa hiyo nitakachosema leo ni kifupi, ingawa nitakichukulia muda: panga safari ya kwenda tu. Nenda na kaskazi, rudi na basi.

Kaskazi mnaijua. Ni upepo wa kutoka kaskazini-mashariki, na ajabu yake ni kwamba unatokana na majira yale yale ya baridi yanayowakimbiza wageni wenu. Bara la Asia linapopoa, hewa nzito hukaa juu yake, kisha huteremka kulifuata joto lililo kusini mwa ikweta, na katika kuteremka huko hupita juu yetu. Desemba unaanza kukaa sawa, Januari na Februari unashika, Machi unachoka. Aprili ni tanga mbili, upepo haujui unatoka wapi, halafu kusi inaingia na masika yake.

Wazee walipanga maisha kwa jambo hili. Majahazi ya Omani na ya Ghuba yaliteremka na kaskazi yamebeba tende, chumvi na papa mkavu, na hayakurudi wiki iliyofuata. Yalingoja. Mabaharia walikaa Unguja, Lamu na Rufiji miezi kadhaa, wengine wakaoa kabisa, hadi kusi ikawarudisha kwao na shehena ya boriti. Hata Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alishuka na pepo za msimu na alipoondoka alipanda kaskazini hadi Dhofar, Omani. Nafasi ya kungoja walikuwa nayo. Wewe una siku tisa, na mmoja wenu lazima awe kazini Leeds baada ya mwaka mpya.

Sasa atatokea mtu aseme, si tunaweza kurudi kwa kupiga bisho? Chombo kinaweza kwenda dhidi ya upepo, sawa. Lakini tazama kinachofanyika ndani yake. Foromali ya jahazi ni mti mrefu, unakaribia urefu wa chombo chenyewe. Kila mnapogeuka, mti huo na tanga lake lote hupitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili. Demani, kamba ya tanga, inaachiwa, turubai linapigapiga kwa kishindo, baharia mmoja yuko omo, mbele ya chombo, anavuta, mwingine anapiga kelele watu wainame, na katikati ya hayo mtoto wa miaka mitano anauliza choo kiko wapi. Mkimaliza mmesogea kidogo tu, kisha mnaanza upya. Njia ya kilomita 60 inakuwa zaidi ya 100. Mabaharia hulipwa kufanya hivyo. Bibi hakulipwa.

Na mwenye kujua ramani atauliza kuhusu mkondo. Ni kweli, mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi unakimbia, unaweza kufikia noti 4, na wakati wa kaskazi unalegea kwa sababu upepo unaukabili. Huko kukabiliana ndiko kunakoleta shida. Upepo unapogongana na mkondo, mawimbi huwa mafupi na yaliyosimama. Ukienda kusini yanakusukuma kwa tezi, yaani nyuma, chombo kinabembea na watoto wanalala. Ukirudi kaskazini unayapiga kwa omo, moja baada ya jingine, na maji yanaingia. Ndiyo maana nahodha mwenye akili, akiteremka kusini, hushika njia ya ndani, kati ya visiwa na bara, ambako mkondo hauna nguvu na mafungu ya matumbawe yanavunja bahari kuu.

Kuna wanaosema basi tuahirishe hadi likizo ya Juni, ambayo ni ndefu. Juni hadi Agosti ni kipupwe, hali ya hewa ni ya ubaridi mzuri, lakini kusi iko kwenye ukali wake. Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na Chumbe katika upepo mkali wa majira hayo, nayo ilikuwa na injini. Sitamshauri mtu apeleke wajukuu katika bahari ile kwa tanga.

Haya, njia. Nitaitaja moja tu, kwa sababu ndiyo ningeichagua mimi: Dar es Salaam hadi Kilwa.

Siku ya kwanza mnatoka bandarini hadi kisiwa cha Kwale, mbele ya Kisiju, kama kilomita 60 hivi. Kwa upepo mzuri jahazi huenda noti 5 au 6, kwa hiyo mkiondoka alfajiri na umande, ule upepo wa nchi kavu unaovuma kabla jua halijapanda, mtatia nanga mapema alasiri. Kwale ni kisiwa cha wavuvi. Nendeni kwa mwenyekiti wa kijiji, msalimieni, mwombeni mahali pa kulala, na mnunue samaki pale pale badala ya kushusha friji la Kariakoo. Siku ya pili mnavuka mlango wa Mafia hadi Kilindoni. Kutoka Kilindoni ni Songo Songo, kisiwa ambacho gesi yake imekuwa ikiendesha mitambo ya umeme ya Dar es Salaam tangu 2004, na watoto watafurahi kujua kwamba taa ya chumba cha shangazi inaanzia pale. Kutoka Songo Songo ni Kilwa. Vipande vinne, kila kimoja cha mchana mmoja, hakuna kusafiri usiku. Siku zinazobaki, nyingi ziwe za Mafia, na nyingine ziachwe bila kazi, kwa sababu kutakuwa na siku nahodha ataamka, atatazama juu, na kusema leo hapana.

Kwa nini Mafia? Kwanza ni papa potwe. Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani, na kati ya Oktoba na Machi huja kula karibu na uso wa bahari mbele ya Kilindoni, mahali unapoweza kumfikia kwa mashua na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Wengi wa Mafia ni wachanga, lakini usidanganywe na neno hilo. Papa potwe mchanga anaweza kuwa mrefu kuliko mashua uliyopandia. Anakuja kinywa wazi, kipana, anachuja maji na vidudu vidogo vya baharini, mgongo una madoa meupe kama ubao uliorashiwa chokaa, na hana haja na mtu. Watafiti waliowafungia vifaa vya kuwafuatilia kwa sauti waligundua kwamba wengi hawahami kabisa. Msimu ukiisha husogea kwenye kina kirefu zaidi, wakawa hawaonekani. Waambieni watoto mapema: hashikwi, haparamiwi, na asizibiwe njia. Akiogopa huzama mara moja, na safari yenu imekwisha.

Siku ya Chole, chombo kiacheni Kilindoni. Ghuba ya Chole iko upande wa pili wa kisiwa, na mlango wake wa Kinasi una mkondo mkali wa maji kujaa na kupwa. Nahodha asiyeuzoea asijaribu na watoto. Pandeni gari hadi Utende, lipeni kiingilio cha Hifadhi ya Bahari, iliyoanzishwa mwaka 1995, kisha mvushwe kwa mashua ndogo. Chole kuna magofu yaliyokumbatiwa na mizizi ya miti, na kuna popo wakubwa wanaoning'inia mchana kutwa kwenye miti yao. Kwa mtoto aliyelelewa Stockholm, popo wale watashinda magofu. Msilazimishe historia.

Ila kuna historia moja inayowaingia hata watoto, na mtaipita. Mkitoka Kwale kwenda Kilindoni, upande wa kulia mtaona mstari mrefu wa mikoko. Ni delta ya Rufiji. Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliingia Unguja ghafla na kuizamisha manowari ya Waingereza iliyoitwa Pegasus. Kisha mitambo yake ikaharibika, ikaenda kujificha ndani ya mikoko ile. Waingereza walijua iko humo lakini meli zao kubwa hazikuweza kuingia kwenye maji madogo. Januari 1915 wakaiteka Mafia, wakatengeneza uwanja wa ndege, na ndege zilizorukia hapo zikawa zinatazama kutoka juu makombora yao yanaangukia wapi. Julai 11 mwaka huo Königsberg ikaishia mtoni. Wajerumani wakaing'oa mizinga yake mikubwa, wakaikokota nchi kavu, wakaendelea kupigana nayo. Msimulie mtoto hayo huku anaitazama mikoko yenyewe. Hatakuuliza simu yake iko wapi kwa muda wa saa nzima.

Sasa tarehe. Kaskazi nzuri kabisa ni ya Januari na Februari, na shule haziruhusu. Mapema Desemba bado kuna vuli, mvua inaweza kuwakuta katikati ya bahari, na upepo wenyewe haujatulia. Kwa hiyo wenye watoto wa shule wamebaki na kipande kifupi kati ya Krismasi na kufunguliwa kwa shule. Ndani ya kipande hicho, usichague siku kwa kalenda ya ukutani peke yake. Tazama mwezi.

Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu ni bamvua. Tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita 3 na zaidi, na katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kabisa saa nne, asubuhi na usiku. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, tofauti ni ndogo. Kila siku majira ya maji yanasogea mbele kama dakika 50. Jambo hili linaonekana la mabaharia tu hadi siku mnapofika ufukweni saa nne asubuhi siku ya bamvua, chombo kimepwelewa, kimelala ubavu, na kati yenu na nchi kavu kuna tope la kuzama magoti, na bibi ana begi. Mimi kwa familia napendelea kuanza siku mbili tatu baada ya mwezi kufika nusu, unapoelekea kuwa mpevu. Mikondo haijawa mikali, na kila usiku mbalamwezi inaongezeka, watoto wanacheza mchangani bila tochi.

Mengine nitayapitia haraka. Jua la kaskazi ni kali kuliko la mwaka mzima, kwa hiyo turubai la kivuli lifungwe kabla ya kuondoka, na mashati ya mikono mirefu yana faida kuliko mafuta ya dukani. Maji ya kunywa, lita 5 kwa kila mtu kwa siku, na siku mbili za ziada. Chakula hupikwa kwa mkaa kwenye sanduku lililojazwa mchanga. Wali, nazi na samaki vinatosha, na mabaharia wanapika vizuri kuliko mnavyodhani. Wanaolewa bahari walale katikati ya chombo, si omo. Choo cha jahazi la zamani ni kisanduku kinachoning'inia nje ya tezi, chini yake ni bahari. Waambieni wageni ukweli huo wangali Ulaya. Chandarua ni lazima mkikaribia mikoko.

Pasipo pa kupita haraka ni usalama. Chombo kiwe na leseni ya kubeba abiria, si mizigo. TASAC ndio wanaokagua na kutoa leseni hizo, na nahodha wa kweli hakasiriki ukimwambia, "Nahodha, naomba nione karatasi." Anayekasirika mshukuru, umwage. Chombo kiwe na injini ya akiba, na uisikie ikiwaka, usionyeshwe tu. Majaketi okozi yahesabiwe na yajaribiwe mwilini kabla ya siku ya safari, na ya watoto yawe ya watoto. Jaketi la mtu mzima humpanda mtoto hadi masikioni. Akianguka majini, jaketi linaelea na yeye anateleza chini yake. Kama ya watoto hayapo, nunua, gharama hiyo ni ndogo kuliko tiketi moja ya kutoka Toronto. Na taarifa ya bahari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa isikilizwe kila jioni, hapa hapa redioni. Wakisema upepo mkali wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, siku hiyo ni ya kucheza bao.

Tukirudi kwenye basi. Kilwa Masoko ina mabasi ya Dar es Salaam, na njia ni kama kilomita 300. Zamani hata barabara ilikuwa safari ya kungoja, kwa sababu Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, lakini tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003 mnatoka asubuhi na kushuka Mbagala mchana. Mvua kubwa zinaweza kuharibu, kama kimbunga Hidaya kilivyoikata barabara hiyo maeneo ya Somanga Mei 2024. Ndiyo sababu nasema mwisho wa Desemba, si Aprili, na ndiyo sababu siku ya ndege isiwe kesho yake. Kabla ya kupanda basi, toeni siku moja ya Kilwa Kisiwani. Kibali kinakatwa Masoko. Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa vimo katika Urithi wa Dunia tangu 1981, pamoja na Songo Mnara, na mtavuka kwa mashua, safari fupi sana kwa watu ambao sasa wamekuwa mabaharia.

Limebaki swali ambalo wapangaji wengi hulisahau hadi siku ya malipo. Ninyi mmepanda basi. Nahodha je? Yeye na mabaharia wake wako Kilwa, kaskazi inawapiga usoni, na nyumbani ni Dar es Salaam. Atapiga bisho siku kadhaa, atachoma mafuta ya injini, au atangoja. Yote hayo ni gharama, na ni haki yake muilipe. Ukiambiwa bei ya kwenda peke yake ambayo ni rahisi mno, jua kuna kitu hakijasemwa, na kitasemwa Songo Songo, mahali ambapo huna pa kwenda.

Dawa yake ni kutafuta chombo ambacho kwao ni kusini. Kuna vyombo vya Mafia na vya Kilwa vinavyopanda Dar es Salaam na kurudi kwao, na mwenye chombo wa namna hiyo anaelekea mnakoelekea hata msipokuwepo. Wengi ni wa mizigo, hao waacheni. Lakini wa abiria wapo, hasa wanaotembeza watalii. Anzeni kuulizia Oktoba, kabla wageni wenu hawajaikumbuka Afrika. Na mkimpata nahodha, baada ya shikamoo na habari za nyumbani, kabla ya bei, mwulizeni sikukuu ya mwaka mpya anapenda aile wapi. Akijibu Kilwa, kaeni chini mzungumze.